Kuku Sitini wa Kipaimara

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto jikoni, Emerensiana huenda bandani. Huwabadilishia kuku maji, hutazama kinyesi chao, kisha huwahesabu. Asubuhi ile hakumaliza kuhesabu. Kuku wanne walikuwa wamekufa juu ya maganda ya mpunga. Wengine waliyumba, mabawa yamelegea, na kinyesi chao kilikuwa majimaji yenye povu.

Zilibaki siku kumi na nane kufika Kipaimara. Wanajumuiya wa kanisa kijijini Mbingu walimkabidhi kazi ya kulea kuku sitini wa nyama kwa karamu ya watoto watakaoimarishwa kanisani. Yeye mwenyewe alisimama mbele yao akasema, "Niachieni mimi." Alianza na vifaranga sabini. Juzi walikufa wanne, leo wanne tena.

Mumewe, Wiliam, alichungulia mlangoni. "Mama Eveline, kuku wako wanatembea kama wateja wako."

Emerensiana hakucheka. Kijiji kizima kinajua kwamba hakuna anayempita kwa kupika pombe. Ndiyo maana, aliposikia kwenye mafunzo ya wafugaji pale Ifakara kwamba chakula kilichochachushwa husaidia utumbo wa kuku, hakungoja maelezo ya mwisho. Kuchachusha ni kazi yake. Aliondoka kuwahi gari. Nyumbani alikoroga chakula cha kuku kwa maji ya vuguvugu, akatia kimea na hamira, akakiweka kwenye chungu karibu na jiko kwa siku sita. Ukungu ulipoota juu, aliuondoa kwa mwiko wa pombe, kisha akawalisha.

Wiliam alishauri wachinje waliodhoofika na kuomba nafasi kwenye friji ya jirani. "Tukingoja, tutawapelekea watoto mchuzi mtupu," alisema.

Emerensiana alichukua kisu na kumkamata kuku mmoja. Moyo wa kuku ulipiga mbio chini ya vidole vyake. Aliwafikiria watoto watakaomla. Alimwachia, akaweka kisu chini, akampigia simu Dorotea, afisa mifugo wa kata.

Dorotea alifika kwa pikipiki. Alitoa shikamoo, akavaa glavu, akampasua kuku mmoja aliyekufa, mbali na banda. Utumbo ulikuwa mwekundu, umevimba kwa gesi. Akauliza kuku wanakula nini. Emerensiana alileta chungu. Dorotea alikifunua, akanusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Mama, hii ni pombe."

Emerensiana naye aliinama akanusa.

"Togwa yako huwa tayari siku ya ngapi?" Dorotea aliuliza.

"Ya pili."

"Mtoto unampa?"

"Nampa."

"Na hii je?"

Emerensiana alitazama chini. "Hii simpi."

"Basi kuku naye umpe ya siku ya pili."

Dorotea alieleza kwamba ndani ya utumbo wa kuku vimo vijidudu vizuri na vibaya. Chakula kikichachuka kidogo, vijidudu vizuri huongezeka, na uchachu wake huvizuia vile vibaya. Kikikaa mno, hugeuka pombe. Kikiota ukungu, huwa sumu, na kuutoa ule wa juu hakusaidii. Hutupwa chote.

Kuhusu kuchinja, alijibu kwa neno moja tu: kuku mgonjwa haliwi. Alichukua kinyesi kwenda kupimwa, kwa kuwa yapo magonjwa mengine yanayowaharisha kuku, na akakataza dawa yoyote ya dukani kabla ya majibu.

Siku hiyo Emerensiana alimwaga chungu chote shimoni. Alizika mizoga kwa kina, akatoa maganda yaliyolowa, akatandaza makavu. Kuku walipewa chakula kikavu na maji safi. Hata hivyo, kesho yake alikufa mmoja, na keshokutwa yake wawili. Emerensiana alihesabu waliobaki mara mbili, akafunga mlango.

Siku ya nne kinyesi kilianza kushikana. Majibu yakaja: hakuna ugonjwa mwingine. Ndipo Dorotea alipomruhusu kuanza upya. Emerensiana alichukua ndoo safi ya plastiki, akatia chakula na maji safi yaliyokifunika, bila kimea wala hamira. Aliifunika bila kukaza, akaiweka kivulini siku mbili. Chakula kilinukia togwa. Alianza kwa kuchanganya kidogo na chakula kikavu, akaongeza siku hadi siku. Aliwapa kiasi cha kumalizika mapema, kisha akaosha vyombo.

Banda likaacha kunuka. Kuku wakajaa kifua.

Asubuhi ya Kipaimara akina mama wa jumuiya walikuja na matenga. Emerensiana aliwahesabia mmoja mmoja. Hamsini na tisa. Balbina, mwenyekiti wao, alilitazama tenga la mwisho.

Wiliam alizunguka nyuma ya nyumba. Alirudi amemkumbatia jogoo wake mwekundu, ambaye hajawahi kukubali kumuuza.

"Wa sitini huyu hapa," alisema, akimweka kwenye tenga. "Na huyu hajalewa hata siku moja."

Safari hii Emerensiana alicheka.