Mayai ya Kioo

Saa 3:20 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la fundi cherehani kilikuwa na joto la pasi. Mbele, cherehani nne zilinguruma. Hata ungepiga kelele, nani angekusikia?

Patasi alitandaza mchoro wa nyumba juu ya meza ya kukatia vitambaa.

"Mlango wa jikoni. Ngazi. Chumba cha pili kushoto. Dakika ishirini, basi. Tajiri, mwenye nyumba, yuko harusini. Mlinzi anakwenda kula saa saba kamili."

"Na king'ora?" aliuliza Kimya, dereva. Walimwita Kimya kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki.

"Namba za kukizima ninazo."

"Umezitoa wapi?"

"Wewe endesha gari."

Tanuri aliufuata mchoro kwa kidole. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mikono yake ina makovu ya moto hadi viwikoni. Patasi alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Yeye wizi aliuzoea. Kwa Tanuri, huu ulikuwa wa kwanza.

Walikuwa wanafuata mayai. Ndivyo walivyoyaita yale madonge ya kioo, makubwa kama ngumi, ya kuwekea juu ya karatasi zisipeperuke. Rangi zake hazitulii. Geuza hivi, zambarau. Geuza vile, kijani, kama shingo ya njiwa juani. Hayatoki kiwandani. Huyatengeneza watu wachache, kwenye vikarakana vya uani, na kila mmoja huchora alama yake chini kwa sindano.

Baba yake Tanuri alikuwa mmoja wao. Moshi wa dawa zinazoleta ile rangi ulimla mapafu. Alipokuwa kitandani hospitalini, Tajiri alimletea karatasi. Anaazima mayai kumi na mawili, alisema, kwa ajili ya maonyesho. Mzee hakuona vizuri. Akatia dole gumba. Karatasi ilisema ameyatoa zawadi. Siku ya tisa wakamzika.

Mafundi wengine watano walilizwa vivyo hivyo. Walishtaki, Tanuri pamoja nao. Kesi iliahirishwa mara saba, na sasa ilipangwa wiki inayofuata. Tanuri alikuwa amechoka kukalia mabenchi ya mahakama.

"Mnyonge hana haki, shemeji," alisema Patasi. "Ana mikono tu. Ya baba utachukua wewe. Mengine nina mtu wake."

Saa 7:04 mchana.

Waliingia na gari la kuosha mazulia, wamevaa aproni. Kimya alibaki kwenye usukani, injini inawaka. Patasi alibonyeza namba. Taa nyekundu ikawa kijani. Rahisi mno. Tanuri aliuona urahisi ule, akaumeza.

Saa 7:09.

Rafu za ukuta mzima. Mayai arobaini na moja, jua linayapiga kutoka dirishani, rangi zinatembea ukutani.

Tanuri alilitambua la kwanza kabla ya kuligusa. Lilikuwa na wimbi la bluu katikati, lililomgharimu baba yake wiki mbili na matusi mengi. Aligeuza chini. Alama ya baba yake, samaki mdogo, haikuonekana. Juu yake ilibandikwa karatasi ya dhahabu yenye jina la Tajiri.

Akageuza la pili. La tatu. Yote.

"Mbwa," alisema.

Alianza kubandua kwa kucha. Samaki akatokea. Ndipo aliposikia kishindo nyuma yake, na vipande vikaruka hadi miguuni.

Patasi alikuwa ameshika nyundo.

"Unafanya nini?"

"Kazi." Akapiga jingine. "Usinitazame hivyo. Mtu wangu anataka vipande."

"Mtu gani anataka vipande?"

Patasi alifuta jasho.

"Ni Tajiri mwenyewe," alisema Tanuri polepole. "Namba za king'ora kakupa yeye."

"Alama za chini zikiwepo, kesi ipo. Zisipokuwepo, wezi wamevunja, basi, pole zenu. Na wewe umo humu, mshtaki mzima. Nani atakuamini tena?" Akanyoosha mkono. "Lete hilo."

"Hili la baba."

"Baba amekufa! Lete!"

Aliinua nyundo. Tanuri hakufikiri. Alishusha lile donge zito kwenye kifundo cha mkono wake kwa nguvu zote za miaka kumi na tano ya kubeba bomba la chuma la kuchotea kioo tanurini. Mfupa ulilia. Nyundo ikaanguka. Patasi akapiga magoti juu ya vipande alivyovivunja, damu ikaanza kuchora sakafu.

Kando ya mlango kulikuwa na kitufe chekundu cha kuitia polisi. Namba za Patasi hazikukizima hicho. Tanuri akakibonyeza.

Nyumba nzima ikapiga yowe. Nje, magurudumu yalikwaruza changarawe. Kimya alikuwa ameondoka, na kwa mara ya kwanza bila neno.

Saa 7:16.

Tanuri aliokota nyundo, akasimama mlangoni.

"Nipishe," alisema Patasi, uso umekuwa wa majivu. "Tutafungwa wote, mjinga wewe."

"Pita."

Hakupita.

Saa 7:23.

Buti zilipanda ngazi. Simu ya Patasi, iliyomponyoka mfukoni, ikaanza kutetemeka sakafuni. Kwenye kioo chake: *Mama Watoto*.

"Usipokee," alisema Patasi. Sauti yake ilibadilika. "Shemeji, nakuomba. Usipokee."

Tanuri alipokea, akaweka spika.

"Baba watoto?" Sauti ya dada yake, ile ile iliyoongoza nyimbo kaburini. "Umeshayavunja yote? Tajiri anauliza. Na mdogo wangu umemwacha humo humo kama tulivyosema?"

Askari wawili walitokea mlangoni, bunduki mbele. Tanuri aliiachia nyundo. Aliinua mkono mmoja juu. Kwa ule mwingine aliwanyooshea simu.

"Rudia, dada," alisema. "Sema kwa nguvu. Nina wageni hapa, hawajasikia vizuri."