Simu Aliyopewa Mwanakombo

Mwaka ule korosho zilikuwa na bei nzuri, na watu wa Chilangala walinunua simu kama wanunuavyo chumvi. Mujibu naye hakutaka kubaki nyuma. Binti yake, Mwanakombo, alipotoka unyagoni mwezi wa Desemba, alimvalisha kanga mpya, kisha akampa simu mbele ya watu wote. Ilikuwa simu ya Kichina, ya laini mbili, na spika yake ilisikika hadi kwa jirani wa tatu. Wanawake walipiga vigelegele.

Zamani wasichana waliingia unyagoni wakiwa wamekwisha kuvunja ungo. Siku hizi wanaingizwa wakiwa wadogo, wakati wa likizo, ili wasikose shule. Mwanakombo alikuwa na miaka tisa.

Mama yake, Faudhia, hakupiga kigelegele.

"Baba Mwanakombo, mtoto huyu atampigia nani?"

"Atatupigia sisi."

"Sisi tunakaa naye nyumba moja!"

"Mtoto ametoka unyagoni, ni mkubwa sasa. Jirani yetu Alfani amempa mwanawe baiskeli. Sisi tukimpa kanga tu, watu watatusemaje?"

Faudhia alinyamaza. Baadaye alijilaumu sana kwa kunyamaza kule.

Mwanakombo hakuwa na mtu wa kumpigia, basi akaichezea. Alirekodi mbuzi. Alirekodi jogoo. Alirekodi mvua ikipiga bati. Moto wa betri ukiisha, aliipeleka simu dukani kwa Mahmudu, aliyekuwa na sola ya kuchajia. Hapo vijana walishinda wakihamishiana nyimbo, kutoka simu hii kwenda ile.

Siku moja Faudhia alikuwa uani akibangua korosho na shoga yake, Winfrida. Mikono yao ilikuwa myeusi kwa mafuta ya maganda. Mwanakombo alikuwa nyuma yao na simu yake, na hakuna aliyemjali.

Winfrida alisema kwa sauti ndogo, "Mama Mwanakombo, nimepima. Nina virusi vya UKIMWI. Nimeanza dawa pale zahanati. Nimekwambia wewe peke yako."

Faudhia alimshika mkono. "Limeishia hapa hapa, Mama Gasper."

Halikuishia pale. Siku ya tatu Faudhia alikwenda kununua sabuni kwa Mahmudu. Hata hajafika mlangoni, akaisikia sauti ya Winfrida. Ilitoka kwenye spika. "Nimepima. Nina virusi..." Vijana watano walikuwa wameinamia simu moja. Mmoja akasema, "Rudia hapo!" Wengine wakacheka.

"Zima!" Faudhia alipiga kelele. "Zima, mwana asiye na haya wewe! Mnacheka nini? Mna mama, ninyi?"

Mahmudu akainua mikono. "Mama, usinikaripie mimi. Imetoka kwenye simu ya mwanao. Kaileta mwenyewe kuchaji, vijana wakatafuta nyimbo, wakaikuta."

Faudhia alirudi nyumbani kwa hasira. Akachuma fimbo. Mwanakombo alipomwona alianza kulia.

"Kwa nini ulimrekodi Mama Gasper?"

"Nilikuwa narekodi tu, mama. Kama mbuzi. Kwani Mama Gasper alisema kitu kibaya?"

Fimbo ikabaki juu. Mtoto alikuwa hajui. Hakujua kabisa. Faudhia akaitupa fimbo, na hasira yake yote ikageukia kwa mumewe.

"Achapwe," alisema Mujibu jioni ile.

"Achapwe nani? Aliyepewa, au aliyempa?"

Wiki ile Winfrida hakutoka nje. Alijifungia ndani, hakwenda shamba, hakwenda kanisani. Faudhia alibisha hodi mara tatu, hakuitikiwa. Akapatwa na hofu: dawa je? Akamvuta mumewe hadi zahanati, kwa nesi Cecilia.

"Habari za mgonjwa wangu siwaambii," nesi alisema kabla hawajakaa. "Lakini hiyo simu kijiji kizima kimeisikia, nami nina masikio." Alikuwa na hasira, na hakuificha. "Mimi mtu mzima. Nimesomea, nimeapa. Nikitoa siri ya mgonjwa nafukuzwa kazi. Ninyi mmempa mtoto wa miaka tisa mdomo unaofika Newala nzima!"

Mujibu akajikohoza. "Nesi, je, mtoto akipata shida njiani?"

"Shule iko pale, unaiona. Akipiga ukelele utamsikia. Mtoto mdogo hana haja ya simu yake. Simu iwe ya nyumba, ikae kwa mkubwa. Akitaka kumsalimia bibi yake Masasi, mpigieni, azungumze ninyi mkiwapo. Mfundisheni kwamba mtu harekodiwi bila kuombwa, na namba ngeni haipokelewi."

"Basi atapewa yake lini?"

"Atakapojua neno lipi ni la kusema na lipi ni la kufunika. Hilo halipatikani kwa wiki tatu za unyago, Baba Mwanakombo. Linataka miaka."

Mujibu aliinama. Walipotoka, alikwenda moja kwa moja dukani kwa Mahmudu. Mbele ya vijana wale wale alisema, "Kosa ni langu. Nilitaka sifa. Nawaomba mfute sauti ile, kila mtu kwenye simu yake." Wakafuta, mmoja mmoja, bila kucheka. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini angalau hayakuendelea kumwagika. Tangu siku ile Mahmudu hapokei simu ya kuchaji kutoka kwa mtoto. Nyumbani kwa Mujibu simu hukaa kwenye kabati la Faudhia.

Kesho yake Faudhia alikwenda tena kwa Winfrida. Safari hii hakubisha. Aliusukuma mlango.

"Niache," alisema Winfrida. "Watu wananitazama."

"Watutazame sote wawili. Dawa umemeza?"

Winfrida aligeuzia uso ukutani.

"Siku ngapi?"

"Nne."

"Simama twende! Ukifa kwa sababu ya simu ya mwanangu, mimi nitaishije? Nikasirikie, nitukane, usinisemeshe mpaka kiama. Lakini dawa utameza!"

Walipita mbele ya duka mchana, jua likiwaka. Kijana mmoja alitaka kutabasamu. Faudhia akasimama, akamkazia macho mpaka akatazama chini. Pale zahanati, Winfrida alimeza vidonge vyake. Njia nzima ya kurudi hakusema neno.

Faudhia alimsindikiza mwezi uliofuata, na uliofuata tena. Winfrida alimwitikia salamu, basi. Hakuna zaidi. Faudhia alijua anastahili, akavumilia.

Mwezi wa nne wa safari hizo nesi alimpima Winfrida, na uzito ulikuwa umeongezeka. Wakarudi taratibu. Karibu na mikorosho ya Alfani, Winfrida akapunguza mwendo.

"Mama Mwanakombo, kuna jambo nataka kukwambia."

Faudhia akatazama nyuma. Akatazama kando, kulia na kushoto. Hapakuwa na mtu.

"Sema," akasema.