Chai Iliyotoka Msibani

"Nyanda, unanisikia?"

"Nakusikia, Asukile. Sema."

"Peugeot nyeupe imepita Makambako. Yuko peke yake. Asifike uwanja wa ndege wa Nduli, Iringa. Kuna ndege ya wageni inamsubiri."

Nyanda alitundika kipaza cha redio ya Motorola, akakanyaga mafuta. Land Rover ikanguruma. Ukungu ulikuwa umelala juu ya lami. Kwenye kiti cha pembeni dumu tupu la plastiki lilirukaruka.

Jana walikuwa wamemzika mwenye dumu hilo.

Dakta Fanueli. Mkemia wa mawe na metali. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza akitafuta namna ya kutoa niobi, metali adimu, kwenye mawe ya Mbeya, hapahapa nchini. Makala zake zilisomwa Praha na Tokyo. Maprofesa wasiojua Mwanjelwa iko wapi walianza hoja zao kwa kumtaja yeye. Nyanda alikuwa mwanafunzi wake, kabla idara ya usalama haijamchukua.

Dawa yake ya mwisho, iliyoyeyusha niobi peke yake, hakuwahi kuitangaza. Ilibaki hiyo ya kwenye dumu tu. Mgeni akiipima, ataiandikisha kwa jina lake. Fanueli atakuwa amekufa mara ya pili.

Walipokwenda kuzika, maabara ilibaki bila mtu. Waliporudi, dumu lilikuwa tupu.

Alfajiri mjane, Mama Leokadia, alipiga simu. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia.

"Mwanangu Nyanda, kaka yangu Silvester ameondoka na chupa ya chai imejaa. Tangu lini mtu akatoka msibani na chai?"

Kisha akakata simu.

Kaka yake wa damu.

Mafinga. Peugeot ilikuwa mbele ya hoteli ya mabati, injini bado ya moto.

Nyanda alivaa glovu nene za mpira. Akachukua dumu. Ndani, mama muuza chai alikuwa anacheka.

"We kaka, una chupa yako halafu unanunua chai yangu? Mkeo hajui kupika?"

"Nimiminie, mama. Acha maneno."

Silvester aliinua macho. Alimwona Nyanda. Bastola ikatoka kabla kikombe hakijafika mezani.

"Rudi nyuma, dogo!"

"Shikamoo, mjomba."

"Nimesema rudi!"

"Umeiweka kwenye chupa ya chai." Nyanda hakupandisha sauti. "Ndani ya hiyo chupa ni kioo. Na hiyo dawa inakula kioo."

"Unanitisha! Nimekula kwa Fanueli miaka yote. Mbona hakuniambia?"

"Uliwahi kumuuliza anafanya kazi gani?"

Silvester akaikumbatia chupa kwa mkono wa kushoto.

Paa!

Kioo cha chupa kilipasuka ndani ya ganda lake la bati. Mama muuza chai akapiga yowe. Silvester aligeuza uso, na Nyanda akaipiga teke bastola. Ikaruka hadi jikoni. Chupa ikabingirika mezani, majimaji yakitiririka kwenye vidole vya Silvester na sakafuni.

Dawa au mtu?

Nyanda aliisikia sauti ya darasani, ya taratibu, kana kwamba mwalimu amesimama nyuma yake. *Maji kwanza. Maji mengi.*

Dawa iliendelea kumwagika. Alimshika Silvester kwenye kiwiko, akauzamisha mkono wake kwenye ndoo ya maji ya mama muuza chai.

"Usiutoe! Mama, ongeza maji!"

Ndipo akaikimbilia chupa. Akamimina kilichobaki kwenye dumu, pamoja na vipande vya kioo. Hata nusu haikufika.

"Mbona hauumi?" Silvester aliuliza, akitazama mkono wake majini.

"Hata Fanueli aliuliza hivyo ilipommwagikia. Jana tumemzika."

Silvester akauzamisha mkono hadi kiwiko.

Nje, Nyanda alishika kipaza.

"Asukile. Leta gari la wagonjwa Mafinga, haraka."

"Linakuja. Ndege imezuiwa. Wenzetu wa Nduli wamewashika wageni wote wawili. Dawa je?"

"Imebaki kidogo. Wanafunzi wake wataichuja. Itatoka kwa jina lake."

Redio ikakoroma.

"Mama Leokadia yuko hapa Mbeya nami. Anauliza habari za kaka yake."

Nyanda alitazama misonobari. Ukungu ulikuwa umeimeza hadi kileleni.

"Mwambie leo hatuziki."

Gari la wagonjwa lilipomchukua Silvester, Nyanda alifunga kifuniko cha dumu, akawasha gari, akageuza kurudi Mbeya.