Uchovu Ambao Shiku Hakuwa Nao

Kila asubuhi, kabla ukungu haujaondoka mtaani Ruring'u, Shiku alikuwa darasani, meno yakigongana kwa baridi. Wanafunzi wote wa Gredi ya Nane walihudhuria masomo ya alfajiri, isipokuwa Beverlyne.

Beverlyne, binti wa afisa wa polisi aliyehamishwa kutoka Busia, aliingia jua likiwa limeshachomoza. Mwalimu Phyllis, mshauri wa wanafunzi, alikuwa amewapa hojaji ya kupima uchovu wa masomo: unalala vyema? Kusoma kumekuwa mzigo? Alama za uchovu za Beverlyne zilipanda sana, akapunguziwa kazi na kuruhusiwa kuchelewa.

"Ati amechoka!" Shiku alimnong'onezea jirani yake, Kihara. "Na sisi tunaoamka na majogoo?"

"Achana naye," Kihara alijibu, kichwa kikiwa juu ya dawati. "Kwani amekukosea nini?"

Lakini wivu ulikuwa umemkaba Shiku. Beverlyne akicheka, Shiku alihisi anachekwa yeye. Hata sare ya Beverlyne iliyopigwa pasi ilimuudhi.

Mwisho wa mwezi hojaji ililetwa tena. Shiku, mchezaji wa voliboli ambaye hulala fofofo, alijaza kwamba halali, hasomi akaelewa, wala hafurahii chochote, hata michezo.

Kesho yake Mwalimu Phyllis alimwita ofisini.

"Pole, mwanangu. Sikujua unaumia hivi. Usije tena alfajiri. Na voliboli utapumzika kwanza. Mechi ya kule Chaka atacheza Wendy badala yako."

Shiku alishtuka. "Lakini mwalimu, voliboli hainichoshi!"

"Umeandika kwamba hata michezo haikufurahishi tena."

Shiku alirudi darasani.

Siku ya mechi, timu ilipoondoka, alijificha nyuma ya darasa akalia. Beverlyne alimwona, akaketi kando yake.

"Najua inavyouma. Mimi niliachishwa kwaya."

"Wewe? Nilidhani unafurahia kuchelewa."

"Nifurahie nini? Nilikuwa nasoma ukurasa mmoja tena na tena, hakuna kinachoingia. Usiku silali. Nikafika mahali nikachukia hata kuimba. Ningekuwa mzima, Shiku, ningekuja nanyi alfajiri."

Aibu ilimchoma Shiku. Muda huo wote alikuwa akimwonea mgonjwa wivu kwa sababu ya dawa yake. Aliinuka, akaenda moja kwa moja ofisini.

"Mwalimu, nilidanganya. Sijachoka. Nilimwonea Beverlyne wivu."

Mwalimu Phyllis akasema, "Jana nilimwambia Kihara asubiri wiki ijayo, kwa sababu saa yake ya ushauri nilikupa wewe."

"Kihara? Mbona hajawahi kulalamika!"

"Aliandika kwenye hojaji. Wewe ulipaza sauti kumshinda."

Alasiri hiyo hiyo Kihara aliitwa ofisini, akatoka macho yakiwa mekundu lakini uso umetulia. Shiku alijaza hojaji upya, safari hii kwa ukweli, kisha akamwomba Beverlyne msamaha. Timu ilirudi jioni ikiwa imeshindwa, naye akaenda kumpokea Wendy.

Jumatatu, Mwalimu Phyllis alimrudisha Shiku kwenye masomo ya alfajiri na kwenye timu.

"Hojaji haina macho," alimwambia. "Huamini unachoiambia. Ukichoka kweli, sema bila woga, nitakusaidia. Usipochoka, mwachie aliyechoka nafasi yake. Na ukimwona mwenzako amepewa kitu, kabla ya kukitamani, muulize kwanza amepatwa na nini."