Maji Yaliyomwagwa Bila Hodi

Mashati ya Sultani yaliyokauka asubuhi yalikutwa adhuhuri yamelowa upya, na yananuka ngozi iliyoungua.

Hapo kwenye chumba cha kufulia cha wanawake, ndani kabisa ya kasri la Stambuli, watumwa kumi na wawili walikuwa wakimfulia mtu mmoja ambaye maishani mwake hajawahi kukamua hata leso. Mkuu wao, Usta Nigar, alinusa shati, akalitupa.

"Nani kamwaga maji ya moto shimoni bila kuomba?"

Kila mfuaji aliijua sheria. Kabla ya kumwaga maji ya moto kwenye shimo la maji machafu unasema "destur", yaani kwa ruhusa yenu, unawapa nafasi majini wanaoishi chini waondoe watoto wao. Neno moja tu.

Shimoni kulisikika kilio cha mtoto, kama amezibwa mdomo.

Peymane, mmoja wa wafuaji, alibana meno. Ni yeye. Jana aliambiwa miaka yake tisa ya utumwa imetimia, hati yake ya uhuru itapigwa muhuri Ijumaa mradi asipatikane na kosa. Leo asubuhi, kwa furaha, akabeba sufuria, akamwaga huku anaimba, akasahau kuomba. Hakuna aliyemwona.

"Mimi simtaji mtu," akanong'ona. "Ila Safinaz ana kinyongo tangu jana."

Safinaz aliletwa naye kwenye meli moja, siku moja. Hati yake haikutajwa, maana Usta hampendi mtumwa mwenye mdomo.

"Kinyongo ndicho kilichomwaga maji?" Safinaz aliuliza taratibu. "Shoga, niangalie. Unanisema mimi?"

"Nimesema una kinyongo tu."

"Ninacho. Na usiku kucha nimekushonea shela ya kuondokea. Nikakuombea upate mume mwenye meno."

Mmoja akacheka. Kwa Usta kesi ilikwisha: mwenye mdomo ndiye mwenye kosa. Akaitwa Bi Rukiye, mzee wa kupunga majini, akaja na bakuli la sharubati.

"Aliyemwaga aimwage hii kwa mkono wake, aombe radhi," alisema. "Na mkisikia mnaitwa kutoka chini, asiitike mtu; aitikaye huchukuliwa."

Safinaz akasukumwa mbele. Akapiga magoti. "Destur. Nisameheni."

Sharubati ikashuka, na badala ya utulivu harufu ile ikapanda, ikawajaa puani na kooni, moto chini ya masufuria ukasinyaa bila kupulizwa, mashati kwenye kamba yakageuka moja baada ya jingine mpaka vifua vyote vikawaelekea, na kutoka shimoni ikaja sauti ya mwanamke, ya chini, yenye subira, kama ya jirani mliyemkosea:

"Wewe siye. Wewe hubisha hodi kila siku. Yule mwingine anaitwa nani?"

"Msiwape," Bi Rukiye alinong'ona. "Jina la hapa kasrini haliwafai kitu. Wanataka alilopewa na mamake."

Majina hayo watumwa huvuliwa langoni. La Peymane lilibaki kwa mtu mmoja tu, aliyeambiwa kwa siri chini ya sitaha ya meli ile, wakilia, wamefunikwa blanketi moja.

"Safi," Peymane alisema. "Mwenzangu. Tafadhali."

"Basi sema ni wewe. Hapa, mbele ya Usta. Ukisema, utaomba radhi, yataisha."

Peymane alimtazama Usta. Akaiwaza Ijumaa, akauwaza muhuri, akaiwaza miaka mingine asiyojua idadi yake, mikono ndani ya magadi.

"Sio mimi."

Safinaz akainama, akaweka midomo kwenye ukingo wa shimo, akalitamka jina lile polepole, kama anayemfundisha mtoto.

Halafu kule chini sauti ikabadilika, ikawa ya mwanamke wa milimani anayemwita bintiye kwa jina lile aje ale, chakula kinapoa. Na Peymane, ambaye kwa miaka tisa hakuna aliyemwita hivyo, alishindwa kuwahi kujiziba mdomo.

"Abee, mama."