Pumzi Chini ya Sakafu

Sakafu mpya ilikauka yote isipokuwa mahali pamoja. Kwenye kona ya kushoto ya banda la gari, chini ya rafu ya matairi ya theluji, palibaki duara la unyevu lenye ukubwa wa sinia. Shigeki alilipangusa kwa tambara asubuhi, akalipangusa tena jioni, na kesho yake akalikuta palepale, bichi vilevile.

Hakulitilia maanani. Kazi hii alikuwa ameipania. Sakafu ya zamani ilikuwa imechoka kupita kiasi, ina nyufa na mashimo, na upande mmoja ulididimia hadi maji ya theluji yakawa yanatuama hapo. Mama yake, Bibi Towa, alivunjika nyonga, na angerudi kutoka hospitali akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Shigeki hakutaka mama arushwerushwe kama gunia la viazi kila anapopelekwa garini. Akamwita fundi Muramatsu avunje yote na kumwaga zege jipya kabla mama hajarudi, na mama asiambiwe kitu, iwe zawadi. Watoto wa kiume ndivyo walivyo. Hufanya jema kimyakimya ili waje kusifiwa, na njiani hawaulizi mtu.

Siku ya kuvunja, Muramatsu alisimama kwenye ile kona akaligusa kwa ncha ya buti bomba la plastiki la kijivu. Lilichomoza ardhini urefu wa kiganja tu.

"Bosi, na hili je?"

"Hata sijui ni la nini. Labda mzee alikuwa anaoshea gari."

"Limeenda chini sana hili. Ningekuwa wewe ningempigia mama simu kwanza."

"Nikimpigia mama, atataka kuchagua mpaka rangi ya kokoto. Ling'oe. Nataka sakafu iwe kama meza."

Muramatsu alicheka, akalifunga kamba, akalivuta kwa mashine ya kuchimbia. Lilitoka refu, mita sita na zaidi, na mwisho wake ulikuwa umeganda tope jeusi. Tundu likafukiwa kwa kokoto, kokoto zikashindiliwa, wavu wa chuma ukatandazwa, zege likamwagwa, likapigwa niru mpaka likang'aa.

Baada ya duara ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye chombo wiki mbili. Kanae, mke wa Shigeki, aliitafuta jikoni, akasugua sinki, akamwaga kachumbari yote ya figili iliyokuwa kwenye gudulia, na harufu haikuhama. Halafu siku ya Jumatano asubuhi, akiwa anakoroga supu ya miso, alisikia kitu kikifyonza upande wa pili wa ukuta, kwenye banda la gari, kama mtoto anayemaliza juisi kwa mrija. Fyuuu. Kimya. Fyuuu.

"Baba Chinatsu," alisema kwa sauti ya chini, "sakafu yako inanyonya."

"Zege linajikaza. Ni kawaida."

"Sasa mbona linapumzika kidogo kila likishavuta?"

Shigeki aliinamia supu yake. Na yeye alikuwa ameisikia.

Alhamisi, binti yao Chinatsu, mwenye miaka sita, aliacha kula yai katikati ya mlo, akaweka kiganja kifuani. Hakulia wala hakukohoa. Midomo yake ikabadilika rangi mbele ya macho yao, ikawa ya zambarau, huku kifua kikipanda na kushuka kama kawaida na hewa isiingie. Hospitalini daktari alisema mapafu ni safi, damu ni safi, moyo ni mzima. Alimrudisha nyumbani na dawa ya kuvuta. Ijumaa jambo hilo likatokea mara tatu. Jumamosi Kanae aliacha kuhesabu, akawa anakaa tu sakafuni na mtoto mapajani, akimpulizia mdomoni kila midomo ilipoanza kubadilika.

"Mama," Chinatsu alinong'ona alipopata nafuu kidogo, "kuna mtu anaazima pumzi yangu. Anasema ni kidogo tu. Yake wameiziba."

Kanae alimtazama mumewe.

Saa nne asubuhi hiyo gari la hospitali likamleta Bibi Towa. Shigeki alimsukuma kupitia banda la gari, maana ndiyo njia aliyomtengenezea, na kiti kiliteleza bila kugonga popote. Bibi hakuisifia sakafu. Alikuwa anaitazama kona.

"Bomba liko wapi?"

"Bomba gani, mama?"

"Usinifanye mtoto, Shigeki. Bomba la pale."

"Nililitoa. Halikuwa na kazi."

Bibi Towa alifumba macho. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Pale chini kuna kisima. Baba yako alikifukia mwaka tuliponunua gari la kwanza, wewe hujazaliwa."

Shigeki alishika ukuta. Huku kwetu bondeni hakuna asiyejua habari hiyo, hata mlevi ukimwamsha atakuambia: kisima hakifukiwi hivihivi. Chini kuna mwenyewe, jini wa maji, ambaye kwa adabu tunamwita Mwenye Maji, na ukimfukia lazima umwachie bomba la kupumulia kutoka chini mpaka juu. Shigeki ameyaona mabomba hayo tangu utotoni kwenye nyua za watu, ameyaruka kwa heshima bila hata kufikiri. Lakini hayo yote yalikuwa nje; hakuwahi kufikiri kwamba na kwao lilikuwepo, ndani ya banda la gari.

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?" alisema mama yake, na hapo wakamsikia Kanae akiita kutoka ndani, akiita jina la mtoto tu, tena na tena.

Shigeki alimpigia Muramatsu simu. Fundi alifika na mashine ya kuvunjia zege, uso umemsawijika, hawezi kumwangalia Bibi machoni. Walilivunja lile duara na chini yake wakakuta kokoto kavu, kavu kabisa, na walipoinua macho duara lilikuwa limehamia hatua moja kulia. Wakalifuata, wakavunja na hapo, wakakuta vumbi, na duara likawa mlangoni. Wakavunja mlangoni, likarudi chini ya rafu ya matairi upande mwingine, na kila mashine iliponyamaza walisikia fyuuu ikitoka kila upande, na nyuma yake, kupitia mlango wa jikoni ulioachwa wazi, walimsikia Chinatsu akihangaika kuvuta hewa isiyomfikia, na Kanae akimpulizia na kumbembeleza na kumpulizia tena, na Shigeki akaiwasha mashine ili asisikie, akavunja, akahama, akavunja, machozi na vumbi la saruji vikimgandia mashavuni, mpaka ile sakafu aliyotaka iwe kama meza ikawa mabonde matupu na yeye hajui tena kona ni ipi.

Bibi Towa ndiye aliyemwita kuhani Onodera wa hekalu la mtaani. Kuhani aliingia na chumvi, mchele na chupa ya pombe ya sake, akatazama yale mashimo, akaizima mashine kwa mkono wake mwenyewe.

"Unamkimbiza," alisema taratibu. "Umemziba mdomo, sasa unamfukuza na nyundo. Piga magoti umwombe radhi. Radhi tu. Usiahidi kitu."

Alinyunyiza chumvi pembe nne, akamimina sake juu ya kifusi, akaanza dua. Shigeki alipiga magoti, akainamisha paji la uso mpaka likagusa zege lililovunjika. Alisema alikosa. Alisema hakujua, kisha akasema alipaswa kujua. Ndani, Kanae akanyamaza ghafla. Hakuna mzazi anayeweza kuubeba ukimya wa namna ile.

"Chukua unachotaka," Shigeki alisema. "Chochote. Niachie mtoto tu."

Dua ikakatika. "Umesema nini?" kuhani aliuliza.

Mbele ya paji la uso la Shigeki duara lilikuwa limetokea, na safari hii halikuhama. Muramatsu hakungoja kuambiwa. Alileta bomba jipya, akalisimamisha katikati ya unyevu, akainua nyundo, lakini haikuhitajika. Bomba lilishuka lenyewe, laini, mita baada ya mita, kana kwamba chini kuna mikono inayolipokea, likasimama likiwa limebaki kiganja kimoja juu. Upepo ukatoka ndani yake, mrefu, baridi, ukamaliza harufu yote. Na jikoni Chinatsu akaomba maji ya kunywa.

Walilia wote siku ile, na Muramatsu alilia kuliko wote. Kuhani Onodera peke yake hakulia. Alipokuwa anavaa viatu alimwambia Shigeki, "Mtazame vizuri huyu mtoto," akaondoka bila kunywa chai.

Shigeki alimtazama. Siku kumi na moja alimtazama. Mtoto alikula, alicheza, alimtania bibi yake juu ya kiti chake, akakimbia mpaka dukani na kurudi bila kuhema hata kidogo. Kanae alisema kwamba sasa anaweza kulala usingizi. Muramatsu alikuja akasawazisha tena sakafu, safari hii akaizungushia bomba ukingo mdogo wa saruji, na kiti cha Bibi kinaukwepa bila shida.

Asubuhi ya siku ya kumi na mbili baridi kali iliingia. Walikuwa wote kwenye banda la gari, wanampeleka Bibi kliniki na Chinatsu shuleni. Kanae alikuwa anahimiza watu, Bibi analalamikia blanketi, na mvuke uliwatoka midomoni kila waliposema neno. Chinatsu alikuwa anasimulia habari ya sungura wa darasani, anaongea bila kituo, na kwenye mdomo wake hapakuwa na kitu.

Shigeki aliinama, akamsogelea. Hapakuwa na kitu.

Akageuka. Kwenye kona, juu ya bomba, mvuke mdogo ulikuwa unapanda. Chinatsu alipocheka ulitoka vipande vipande. Aliponyamaza ili kufikiri jina la sungura, ulikoma.

Bibi Towa naye alikuwa ameuona. Alikamata magurudumu ya kiti chake. Shigeki alienda kwenye kona, akachuchumaa, na kwa kuwa hakuweza kuamini macho yake aliweka kiganja juu ya mdomo wa bomba. Lilikuwa na joto.

Nyuma yake hadithi ya sungura ilikatika. Alisikia begi la shule likianguka. Akautoa mkono haraka kama aliyegusa moto, na sauti ya mtoto ikarudi, tulivu, haina hasira.

"Baba, usiweke mkono hapo," Chinatsu alisema. "Ndipo ninapopumulia."