Gari Ambalo Duane Hakutaka Kulinunua

Wanaosema mapenzi huanzia machoni hawajafika kwenye gulio la vipuri la Pomona. Arlette Pruitt aliishika grili, ule wavu wa chuma wa mbele ya gari, ya Ford ya mwaka elfu moja mia tisa thelathini na mbili, kwa upande wa kushoto, na sekunde hiyohiyo mtu mwingine akaishika kwa upande wa kulia, na hakuna aliyekuwa tayari kuiachia. Ndiyo kwanza kulikuwa kumepambazuka. Watu walipita wakisukuma vitoroli vilivyojaa mabomba ya moshi, taa na sukani za kale, wakigongana na kuombana radhi, harufu ya kahawa na soseji za pilipili ikichanganyika na ya oili chakavu.

"Dada, hii nimeiona tangu nikiwa mstari ule wa kule," alisema yule bwana.

"Kuona si kushika."

"Nimeishika pia."

"Umeishika baada yangu. Halafu mikono yako michafu, utaniharibia."

"Ina kutu ya miaka tisini, halafu mimi ndiye nitakayeiharibu?"

Arlette akacheka, na hapo akawa ameshashindwa. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, amevaa ovaroli ya buluu na skafu nyekundu yenye madoa meupe, na kazi yake ilikuwa kushona viti vya magari mjini Fontana. Bwana mwenyewe alikuwa mrefu, shati la jinzi limepauka, suruali imetobolewatobolewa na cheche kama chujio. Jina lake Duane Kessler, fundi wa kuchomelea, naye pia wa Fontana, mitaa minne tu kutoka kwake.

"Mtaoana hapahapa au mtanilipa?" aliuliza mwenye meza, ambaye baridi ilishamchosha.

Duane alilipa, kisha akamkabidhi Arlette ile grili.

"Utaifunga kwenye gari gani?"

"Sina gari. Nataka niitundike ukutani, dukani kwangu."

"Ukutani! Mama, hiyo ni dhambi. Mimi nina bodi nzima nyumbani inalia kwa kukosa grili."

"Basi njoo uwe unaitazama ukutani kwangu."

Akaja Jumatatu. Akaja Jumanne. Kufikia Krismasi hakuwa na sababu tena ya kujifanya anakuja kutazama grili.

Wapenzi wa magari hayo, yale ya kale yaliyovuliwa madigadi, yakakatwa nguzo ili paa lishuke na kutiwa injini kubwa ya kunguruma, hukutana kila Jumamosi asubuhi nyuma ya duka moja la donati. Hakuna kibao kinachosema nani aegeshe wapi, lakini kila mtu anajua. Aliyelijenga gari lake kwa mikono yake huegesha kando ya ukuta, kwenye kivuli. Aliyelinunua likiwa tayari huegesha upande wa barabara, juani, hata kama alilinunua kwa bei ya nyumba. Swali la kwanza la salamu ni moja tu: umelijenga mwenyewe? Duane alikuwa akifika na pikapu yake ya kazini, na bado alipewa nafasi ukutani, kwa kuwa nusu ya magari yaliyokuwa pale aliyachomelea yeye. La kwake mwenyewe lilikuwa gerejini mwaka wa tisa, bodi tupu juu ya mihimili, likingoja wateja waishe. Wateja hawaishi.

Mwezi wa pili akaanza kudondosha vitu. Kikombe, spana, bomba la kuchomelea. Arlette alimtania kwamba anazeeka. Mwezi wa nne daktari akasema ni ugonjwa wa neva, kwamba misuli itakauka mmoja baada ya mwingine, na dawa ya kuurudisha nyuma hakuna. Akiwa na bahati ataendesha gari kwa mwaka mmoja. Arlette hakumtania tena kwa muda wa wiki nzima, mpaka Duane mwenyewe akamwomba amtanie, maana ule ukimya ulikuwa unamuua haraka kuliko neva.

"Tununue," Arlette alimwambia siku moja wakiwa wamekaa kwenye ngazi za nyuma, wanakula machungwa.

"Tununue nini?"

"Gari lililokwisha kujengwa. Tukichanga akiba yako na yangu tunalipata."

"Na lile la gerejini?"

"Duane, lile linataka miaka mitatu. Wewe una miaka mitatu?"

Duane alimenya chungwa polepole, vidole vikimgomea.

"Nguo ya kuazima haisitiri, mpenzi."

"Hatuazimi, tunanunua!"

"Ni yaleyale. Nitaegesha juani, na watu niliowafundisha kazi watakuja kunipa pole. Nitakuwa mteja kwenye mtaa wangu mwenyewe."

"Unataka gari au unataka sifa?"

"Nataka nijue kwamba nilikuwa fundi."

"Na mimi nataka kukaa kando yako ukiendesha. Mara moja tu. Mpaka kule jangwani na kurudi, upepo unitoe machozi, wewe unifokee kwamba skafu yangu inakuziba macho. Hilo ni kubwa sana?"

Duane aliinuka. Alimpa vipande vya chungwa alivyokuwa amemenya, vyote, akaingia ndani.

Ngojangoja huumiza matumbo, na Arlette hakuwa mwanamke wa kungoja. Aliona tangazo la Ford ya kijani kilichokolea, isiyo na paa, inauzwa mjini Fresno. Hakumwambia Duane. Alitaka kwanza alione, alijaribu, ndipo amshike mkono mpenzi wake ampeleke, kwa sababu alimjua: Duane angeweza kulikataa gari akiwa mezani, lakini asingeweza kulikataa akiwa nyuma ya usukani. Mwenye gari aliitwa Halvorsen, mtu wa miaka hamsini, mvi za fedha, meno yote mahali pake, na alisisitiza kuendesha yeye kwanza. Wakapita barabara ya mashamba ya zabibu kwa kasi, skafu inapepea, Arlette anacheka kwa sauti. Alikuwa anacheka kwa sababu alikuwa anamwona Duane kwenye kile kiti.

Dunia ya magari hayo ni ndogo kama kijiji. Lyle, rafiki wa Duane, alikuwa Fresno siku hiyo kutafuta injini, akawaona. Akampigia Duane simu kabla hata hajakunja kona.

Jioni Duane akampigia Arlette.

"Umefurahia upepo?"

"Upepo gani, mpenzi?"

"Wa Fresno. Nasikia ulikuwa unacheka sana."

"Duane, sikiliza, ngoja nikueleze..."

"Usinieleze. Mimi si mtoto. Huyo ana mikono inayofanya kazi. Ningekuwa wewe hata mimi ningekwenda."

Akakata. Arlette alipopiga tena simu ilikuwa imezimwa. Alikwenda nyumbani kwake mara tatu, akagonga mpaka jirani akachungulia. Pikapu ipo, mtu hafungui. Mara ya nne hakwenda. Naye alikuwa na kiburi chake, na kiburi hicho kilikuja kumuuma baadaye kuliko maneno yote aliyoambiwa. Halvorsen alikuwa amekubali kumwekea lile gari kwa siku nane, naye peke yake hakuweza kulinunua. Duane alizima simu kwa siku kumi na moja.

Siku ya tisa, Alhamisi, simu ya Halvorsen ilimkuta dukani.

"Arlette, samahani sana. Amekuja bwana kutoka jimbo la Oregon, na trela kabisa. Nilikungoja."

"Najua uliningoja."

"Nilisikia bwana wako anaumwa. Ningependa liende kwake."

"Najua, Bwana Halvorsen. Asante."

Alikata simu, akalia juu ya ngozi ya kiti cha mteja mpaka ikabidi aipanguse kwa kitambaa.

Jumamosi mchana Lyle akasimama mlangoni mwa duka, kofia mkononi, uso umemshuka.

"Nimekuja kutukanwa," alisema.

"Sina nguvu. Sema kilichokuleta."

"Nimeongea na Halvorsen. Kaniambia ulikuwa unalitafutia nani lile gari. Nimekwenda kumwambia Duane leo asubuhi, nikamwambia mdomo wangu ndio ulioharibu. Amekaa tu kwenye ndoo." Akaizungusha kofia. "Arlette, amekata paa."

Sindano ya cherehani ikasimama.

"Peke yake?"

"Peke yake."

Alifika mbio, skafu mkononi. Mlango wa gereji ulikuwa nusu wazi na jua lilikuwa limeingia mpaka katikati. Paa la Ford lilikuwa sakafuni kama kifuniko cha sufuria kilichoanguka. Duane alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ndevu za wiki mbili, fulana imemlegea mabegani.

Hata mshona viti angeona kilichotokea. Nguzo za paa za upande wa kulia zilikatwa vidole viwili chini ya zile za kushoto. Na bodi, ambayo haikuwa imefungwa chochote ndani cha kuishikilia, ilikuwa imetanuka. Milango imeachia, hakuna utakaofunga.

"Miaka ishirini nawaambia watu," alisema Duane bila kumtazama. "Funga vyuma ndani kwanza, ndipo ukate. Mwanafunzi asiyejua kingine chochote anajua hilo. Sikufunga."

"Kwa nini?"

"Vyuma vinataka mikono miwili ya kuviinua."

Arlette akakaa chini, sakafuni, kwenye unga wa chuma.

"Tununue lile la Fresno," akasema Duane. "Ulisema kweli. Twende kesho."

"Limekwenda."

"Lini?"

"Alhamisi. Alituwekea siku nane tu."

Duane alihesabu siku, na Arlette akauona uso wake ukiifikia Alhamisi na kujua kwamba simu aliizima kwa mkono wake mwenyewe.

"Basi nimeyaua yote mawili," alisema.

"Ndiyo, umeyaua. Nina hasira na wewe mpaka meno yananiuma. Ulinidhania mimi, Duane! Mimi!"

"Nilijidhania mimi. Nilijitazama nikaona ungekuwa mjinga kubaki."

"Basi mimi ni mjinga. Nioe."

Duane akacheka, cheko baya, lililokatikia njiani.

"Sikufanyi mjane, Arlette."

"Nitakuwa mjane, unioe usinioe. Tofauti ni kwamba ukinioa nitakuwa na ufunguo wa nyumba hii, na hutanifungia nje tena."

Hapo ndipo alipolia, yule mtu mrefu, bila kujificha, kwa kuwa mkono wa kujifichia uso haukupanda kwa wakati. Arlette akampangusa kwa skafu.

Walioana mahakamani San Bernardino mwezi wa sita, Lyle akiwa shahidi na akiwa amekatazwa kufungua mdomo isipokuwa kutia sahihi. Arlette alivaa gauni la njano, Duane suti ya buluu iliyopunguzwa mara mbili. Wiki hiyohiyo wakaanza kazi gerejini. Lyle na wenzake walijitolea kuja kuimaliza ile bodi kwa mwezi mmoja, Duane akawashukuru akakataa, na Arlette, ambaye zamani angegomba, hakugomba. Alijifunza kuchomelea. Duane alikaa kwenye kiti, akisema: inua, shusha, polepole, unachoma hewa.

Kufikia mwezi wa kumi mkono wake wa kulia ulikuwa umelala kabisa, na wa kushoto ulianza kuufuata. Vyuma vya ndani vilikuwa vimefungwa, milango imerudi, nguzo mbili kati ya nne zimesimama. Safari ya jangwani hakuna aliyeitaja tena. Upepo mkavu ulikuwa ukigonga bati la gereji. Arlette alimaliza kuchomelea nguzo ya tatu, akainua kofia ya kuchomelea, jasho likimtiririka.

"Vipi?"

Duane alichungulia kwa muda.

"Konokono amepita hapo, tena alikuwa mlevi."

"Mshenzi wewe. Jana ulisema najitahidi."

"Jana nilikuwa nakubembeleza."

Arlette alicheka, kisha akaacha. Aliitazama ile bodi, nguzo ya nne, sakafu isiyokuwepo, injini isiyokuwepo, viti ambavyo angevishona yeye siku ambayo hakuweza kuipa tarehe.

"Duane. Hatutalimaliza, sivyo?"

"Hatutalimaliza, mpenzi."

Alikuwa ameyangoja maneno hayo tangu mwezi wa sita, na yalimuuma vilevile kama mtu ambaye hakuyangoja.

"Na hiyo nguzo?"

"Imepinda. Kata, urudie. Anzia juu."

Arlette akachukua bomba la kukatia chuma kwa moto. Alimshushia Duane kioo cheusi usoni, kwa sababu mkono wake haukufika tena, kisha akashusha cha kwake, akakata.